Kura tisa za mwezi Mei, na kwa nini zinatuhusu Uganda

Kila Septemba watu wengi Kampala huketi mbele ya televisheni kusikia rais gani amesema nini katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Kazi yangu ni kusoma maazimio ya Baraza la Usalama, na mwaka huu wa 2026 naomba tuanze kutazama mapema zaidi. Hotuba za Septemba hazimpeleki askari popote wala hazimrudishi nyumbani. Yanayomgusa askari wetu aliye Mogadishu, mchuuzi wa Elegu na mkulima wa Bwera huamuliwa katika tarehe ambazo magazeti yetu huzipa mstari mmoja. Tarehe 30 Aprili muda wa UNMISS, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Sudan Kusini, unakwisha. Tarehe 31 Mei ni zamu ya vikwazo vya Sudan Kusini, na 1 Julai vikwazo vya Kongo. Desemba inafunga hesabu na MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, tarehe 20, kisha tarehe 31 kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AUSSOM. Siku hiyo hiyo António Guterres anamaliza muhula wake wa Katibu Mkuu.

Nitakaa zaidi kwenye tarehe 31 Mei, kwa sababu hapo ndipo hesabu ni ngumu na ndipo Uganda imesimama karibu mno na moto.

Baraza la Usalama lina wanachama 15. Watano ni wa kudumu na wana kura ya turufu. Kumi huchaguliwa kwa miaka miwili. Azimio hupita likipata kura 9 bila turufu yoyote. Marufuku ya silaha kwa Sudan Kusini iliwekwa tarehe 13 Julai 2018 kwa azimio namba 2428. Lilipata kura 9 kamili, wengine 6 wakajizuia. Lingepungukiwa na kura moja tu, lingeanguka. Miaka iliyofuata hali iliimarika, kisha mwaka 2024 ikarudi kwenye 9, na Mei 2025, kwa azimio 2781, ikawa 9 tena.

Vikwazo hivi vimeandikwa tarehe ya kufa. Bila kura mpya, vinakoma vyenyewe usiku wa mwisho wa Mei. Kwa hiyo asiyevitaka hahitaji kutumia turufu na kubeba lawama mbele ya dunia. Anahitaji tu kuhakikisha wanaoviunga mkono hawafiki tisa. Ndiyo sababu Urusi na China wamekuwa wakijizuia kimya kimya karibu kila mwaka: kujizuia kwao kunapunguza kura bila kelele.

Sasa tuhesabu pamoja. Mwaka 2025 waliojizuia ni Urusi, China, Pakistan, na wanachama watatu wa Afrika wa wakati ule: Algeria, Sierra Leone na Somalia. Waliosema ndiyo ni Marekani, Uingereza, Ufaransa, Denmark, Ugiriki, Panama, Guyana, Korea Kusini na Slovenia. Hawa watatu wa mwisho waliondoka Barazani mwishoni mwa Desemba, pamoja na Algeria na Sierra Leone. Wameingia Bahrain, Colombia, Latvia, Liberia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo, kama wengine wote watabaki pale walipokuwa, wanaounga mkono wana kura 6 mkononi na wanahitaji 3 kutoka kwa hao wageni watano. Latvia sina wasiwasi nayo. Zaidi ya hapo, kila kura ni ya kuombwa.

Liberia ndiyo ninayoitazama kwa makini kuliko zote. Ni nchi iliyoishi chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu miaka ya tisini hadi vilipoondolewa 2016, na ilikuwa na walinda amani wa UNMIL kuanzia 2003 hadi 2018. Inajua marufuku ya silaha inavyouma, na inajua pia nchi inavyopumua bunduki zinapokauka. Lakini imeketi pale pamoja na Somalia na Kongo kama sauti ya Afrika, na msimamo wa Umoja wa Afrika umekuwa kwamba vikwazo hivi viondolewe. Kongo nayo iko mahali pa ajabu: inapiga kura juu ya vikwazo vya jirani huku yenyewe ikijadiliwa katika chumba hicho hicho.

Uganda haina kiti. Mara ya mwisho tulikuwa nacho 2009 na 2010. Hata hivyo tumo ndani ya mjadala huu kuliko wengi wenye viti. Machi 2025 jeshi letu lilipeleka vikosi maalumu Juba kwa ombi la Rais Salva Kiir, mvutano wake na Riek Machar, makamu wake wa kwanza wakati ule, ulipopamba moto. Serikali ilieleza kwamba tumealikwa na serikali halali. Amnesty International ikasema hatua hiyo inavunja marufuku ya silaha. Msomaji wa kawaida huona hapo mabishano ya kisiasa tu, lakini kuna swali la kisheria lililo wazi kabisa. Marufuku ile haikatazi bunduki na risasi peke yake. Inataja pia msaada wa kiufundi, mafunzo na msaada mwingine unaohusu shughuli za kijeshi. Anayetaka kufanya hayo hupeleka ombi la ruhusa kwa kamati ya vikwazo kabla ya kusogeza kitu mpakani. Mwaliko wa Juba hauchukui nafasi ya ruhusa ya kamati.

Na kamati hiyo ina watu wale wale 15, ila kanuni yake ni tofauti na ya Baraza: huamua kwa kukubaliana wote. Mmoja akipinga, jambo linalala. Ndiyo maana nchi nyingi huona heri kupita pembeni kuliko kubisha hodi. Naelewa kishawishi hicho, lakini naamini kinatugharimu, na nitaeleza gharama yenyewe.

Kwanza niseme neno kuhusu biashara, maana naulizwa mara nyingi. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa kwa Sudan Kusini havigusi mahindi, saruji wala sabuni. Lori linalovuka Elegu kwenda Nimule halivunji azimio lolote. Kuna marufuku ya silaha, na kuna watu wasiofika kumi waliozuiwa kusafiri na mali zao kufungiwa. Basi. Kinachowasumbua wafanyabiashara ni benki. Ofisa wa benki akiona jina la nchi kwenye fomu huogopa, anachelewesha malipo, anadai karatasi juu ya karatasi. Hofu hiyo hutokana zaidi na vikwazo vya Marekani, ambavyo ni kitu kingine kabisa: havipigiwi kura na mtu, na hukata njia ya dola. Machi 2022 kiwanda cha kusafisha dhahabu cha African Gold Refinery pale Entebbe kiliwekwa kwenye orodha ya Washington, si ya Umoja wa Mataifa kule New York. Februari 2025 ikawa zamu ya James Kabarebe, waziri wa Rwanda. Ukisikia redioni kwamba fulani amewekewa vikwazo, uliza kwanza ni vya nani.

Turudi kwenye gharama. Hapa naingia Somalia.

Askari wa Uganda ndio waliotangulia kuingia Mogadishu mwezi Machi 2007, wakati hakuna jeshi jingine lililokuwa tayari kushuka kwenye uwanja ule wa ndege. Kikosi hicho cha Umoja wa Afrika kiliitwa AMISOM; AMISOM ikawa ATMIS Aprili 2022, ATMIS ikawa AUSSOM tarehe 1 Januari 2025, na vijana wetu wako pale pale. Mei 26, 2023 Al-Shabaab walivamia kambi yetu ya Buulo Mareer. Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 waliuawa. Familia hizo zina haki ya kujua nani analipia kazi iliyowaua watoto wao, na jibu linasikitisha.

Askari anayevaa kofia ya bluu, yaani aliye chini ya Umoja wa Mataifa moja kwa moja, nchi yake hulipwa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa ajili yake. Fedha hizo hutoka kwenye michango ya lazima ya nchi wanachama. AUSSOM si ya kofia ya bluu. Chakula, maji, mafuta na matibabu huletwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa iitwayo UNSOS, kwa michango ya lazima. Marupurupu ya askari, lakini, kwa miaka mingi yalitoka kwa hisani ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya iliyapunguza kwa asilimia 20. Hisani haina tarehe ya kudaiwa. Mtoaji akichoka, au akipata vita jirani na nyumbani kwake, askari anasubiri.

Dawa ilikuwa imeandikwa. Tarehe 21 Desemba 2023 Baraza lilipitisha kwa kura zote 15 azimio 2719, linaloruhusu hadi asilimia 75 ya gharama za operesheni za Umoja wa Afrika zilipwe kwa michango ya lazima, kila operesheni ikiamuliwa peke yake. Mwaka mmoja baadaye azimio 2767 liliunda AUSSOM ya watu 11,826 na kuweka njia ya kuanza mpango huo Julai 2025, mradi Baraza lithibitishe katikati ya Mei. Marekani ilijizuia kwenye azimio hilo, kisha ikaendelea kupinga Somalia kuwa ya kwanza kufaidika. Mei ikapita. Hakuna kilichothibitishwa. Mwezi mmoja kabla, Aprili 2025, viongozi wa nchi zenye askari Somalia walikutana Entebbe wakasema wanahitaji askari 8,000 zaidi. Waliomba nguvu wakati fedha za waliopo hazijapatikana.

Tangu hapo mambo yamekaza. Bajeti ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa ni kama dola bilioni 5.4 kwa mwaka. Marekani inatakiwa kulipa zaidi ya robo na China karibu robo. Malipo yamechelewa au hayaji, na Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza karibu robo ya walinda amani wake katika misheni tisa, UNMISS na MONUSCO zikiwemo. Kituo cha huduma cha Entebbe, kilichoanzishwa 2010 na kuajiri Waganda wengi, kinaishi kwa kuhudumia misheni hizo. Misheni zikisinyaa, mishahara ya Entebbe nayo inasinyaa.

Kwa hiyo Desemba Uganda itakuwa ikiwaomba wanachama 15 walipie AUSSOM kwa uhakika. Ni wale wale watakaokuwa wamesoma, mwezi Mei, ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha na majeshi Sudan Kusini. Ni wale wale watakaosoma, kabla ya Julai, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza Kongo. Mwaka 2024 wataalamu hao waliandika kwamba M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, walipata msaada kupitia Uganda. Serikali yetu ilikanusha. Kwenye makaratasi hayo kuna pia jambo ambalo tuna haki ya kulisema kwa sauti: ADF, kundi lililoua watoto wetu katika shule ya Mpondwe Juni 16, 2023, limo kwenye orodha ya vikwazo tangu 2014, na kiongozi wake Musa Baluku tangu 2020. Orodha ile inatusaidia. Hatuwezi kuishika mkono mmoja na kuipuuza kwa mwingine.

Wanadiplomasia wetu huzichukulia faili hizi kama nyumba tatu zisizopakana: Somalia ni ya Umoja wa Afrika, Juba ni ya Ikulu na jeshi, Kongo ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kila mtu. New York hawaoni hivyo. Uingereza ndiyo inayoshika kalamu ya rasimu za Somalia, Marekani ya Sudan Kusini, Ufaransa ya Kongo, na maofisa wao hula chakula cha mchana meza moja. Tunachopoteza Mei tunadaiwa Desemba.

Ningekuwa na sauti Wizara ya Mambo ya Nje, ningeomba tupeleke sasa ombi rasmi la ruhusa kuhusu vikosi vilivyo Juba, hata kama tunajua linaweza kukwama. Ombi lililokwama ni rekodi ya heshima. Tuwajibu wataalamu wa Kongo kwa maandishi, aya kwa aya. Na tuzungumze na Monrovia na Kinshasa kabla rasimu haijawekwa kwenye bluu, rangi ambayo kwa desturi ya Baraza huonyesha kwamba maneno yamekamilika na kinachongojwa ni kura. Baada ya bluu ni vigumu kubadilisha hata koma.

Mimi nataka marufuku ya silaha ibaki. Juba husema inazuia kuundwa kwa jeshi moja la taifa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Baraza liliweka vigezo mwaka 2021 vya kuilegeza, na utekelezaji wake umekwenda polepole huku uchaguzi ukipangwa Desemba hii. Wakimbizi wa Sudan Kusini walioko kwetu ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote, na waliofika Adjumani na Bidibidi hawakukimbia ukosefu wa bunduki.

Azimio likitoka, usisome kichwa cha habari pekee. Tafuta idadi ya kura, kisha tafuta maelezo ya Liberia baada ya kupiga kura. Huwa ni ya dakika mbili au tatu tu. Humo utasikia kama Desemba kuna mtu wa kutuombea.