"Msiwaguse masihi wangu" haimkingi bosi

Kuna maofisi yanaongozwa na watu wa dini, shule ya kanisa au saccos, ukiuliza tu risiti za safari ya mkurugenzi ziko wapi unajibiwa "msiwaguse masihi wangu", yaani waliopakwa mafuta na Mungu, basi kikao kizima kimya. Hebu fungua Zaburi 105 usome kuanzia mstari wa 12, hapo wanaosemwa ni kina Abrahamu, wageni wachache tu wanatangatanga kwenye nchi za watu, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Yaani mstari unamkanya mwenye nguvu, sisi tumeugeuza ndo umkinge.

Watu watakwambia Daudi alikataa kumuua mfalme Sauli kule pangoni Engedi kwa sababu ni masihi wa Bwana. Kweli kabisa, ila endelea kusoma 1 Samweli 24, alitoka nje akamwita mfalme, kipande alichokata kwenye vazi la Sauli mkononi, akamuuliza mbona unasikiliza maneno ya watu? Aliinama na heshima zote, na swali akauliza, tena na ushahidi.

Na Daudi alipokuwa bosi mwenyewe, akamchukua mke wa Uria, nabii Nathani alimpa mfano wa tajiri aliyemdhulumu maskini, kisha akamwambia usoni "wewe ndiwe mtu huyo". Nathani hakutimuliwa kazi, mpaka mfalme anazeeka bado yupo ikulu anashughulikia Sulemani apewe kiti.