Stendi nzito peke yake hainyooshi mashine ya kukereza
Hapa Mbeya ukilalamika mashine yako ya kukereza chuma inatoa shafti nene upande mmoja, utaambiwa stendi nyepesi hiyo, mwaga zege, kaza bolti mpaka zilie. Uzito unapunguza mtetemo, hapo sawa, ila stendi ikiwa imepinda kwa joto la kuchomelea (na vyuma vyembamba vya engo vinapinda kweli) ukikaza tu bolti, reli za mashine, zile kisu kinatembea juu yake, nazo zinajikunja kuifuata. We legeza bolti, jaza vibati vyembamba penye uwazi kati ya miguu ya mashine na stendi ndo ukaze kidogo kidogo. Pima maji ya kujengea haioni tofauti ndogo hizo, so kereza kipande kifupi kinene kilichoshikwa upande mmoja tu, pima unene wa ncha zote kwa maikromita (kipimo cha unene mdogo sana), zikipishana rudi kwenye vibati.