Tuzo ya Hugo haina majaji

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu wa fasihi ninayemheshimu sana: "Mswada wako umeshaupeleka kwa majaji wa Hugo?" Kabla yake aliniuliza mhariri wa gazeti, na kabla ya huyo kijana aliyenunua kitabu changu kwenye maonyesho ya vitabu. Nimechoka kulijibu swali hili kwa sentensi mbili mbili, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Hakuna majaji. Hakuna jopo la maprofesa linalojifungia chumbani, wala anwani ya kupelekea mswada. Tuzo ya Hugo hupigiwa kura na wanachama wa Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa mashabiki wa bunilizi ya kisayansi na fantasia, na uanachama wa kupiga kura hupewa yeyote anayelipa karibu dola 50. Si fedha ndogo, maana ni zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania. Lakini mwanafunzi wa Morogoro akishailipa, kura yake ina uzito uleule wa kura ya mhariri mkuu wa kampuni ya vitabu ya New York.

Tuzo zenye majaji zipo, na nadhani ndiko mkanganyiko unakotoka. Ile ya Arthur C. Clarke kule Uingereza ina jopo, na mshindi hupata pauni zinazolingana na tarakimu za mwaka: mwaka 2024 zilikuwa pauni 2,024. Nebula hupigiwa kura na waandishi wenyewe kupitia chama chao cha Marekani. Nommo, ya bunilizi za Kiafrika, iliyoanza kutolewa mwaka 2017, hupigiwa kura na wanachama wa jumuiya inayoiendesha. Hugo ni ya wasomaji, na haina hata senti moja ndani yake. Mshindi anaondoka na roketi ya chuma na jina.

Worldcon nayo si kampuni. Ilianza mwaka 1939 New York na watu wapatao 200, Hugo ikaja mwaka 1953, na mpaka leo mikutano hii huandaliwa na watu wa kujitolea. Anayekuvisha kitambulisho mlangoni halipwi. Mwandishi anayekaa jukwaani naye halipwi, na kwa kawaida amelipa kiingilio kama wewe, isipokuwa wageni wachache wa heshima. Kwa hiyo anayeniuliza "walikulipa kiasi gani kwenda kuzungumza?" anafikiria yale matamasha ambako waigizaji huuza saini zao. Kwenye Worldcon utamkuta mshindi wa mwaka jana amepanga foleni ya chai nyuma yako, kitambulisho chake kimebandikwa riboni za rangi, moja chini ya nyingine, hadi magotini. Kuna vikao ambapo watu kumi hivi hujiandikisha mapema kukaa meza moja na mwandishi kwa saa nzima, na hapo hakuna pa kujificha. Msomaji anafungua ukurasa aliouwekea alama na kukuuliza kwa nini chombo chako cha angani kinageuka kwa kasi ile na abiria wote wanabaki hai.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kweli. Nikishamweleza mtu kwamba ni kura, dakika hiyohiyo anasema: "Basi rahisi! Tufungue kundi la WhatsApp, tuchange, watu 100 tupendekeze orodha moja." Nimeshaletewa wazo hili mara nyingi, na watu wema kabisa, wenye nia njema kabisa. Jamani, hapana. Kanuni za leo zimeandikwa hasa kwa ajili ya kulizuia.

Wanachama hupendekeza kazi kwanza, kisha huzipigia kura zile zilizofika fainali. Mwaka 2015 kundi lililokuwa na ajenda yake lilikubaliana orodha ya kazi za kupendekeza. Wapendekezaji wengine walikuwa wametawanya kura zao kwenye mamia ya hadithi, kwa hiyo kundi dogo lililoshikamana lilitosha kujaza vipengele vizima. Wanachama walijibu kwenye kura ya mwisho. Karatasi ya kura huwa na chaguo la "Bila Tuzo", na mwaka ule, kwenye mkutano wa Spokane, Marekani, chaguo hilo lilishinda vipengele vitano. Kisha wakabadilisha hesabu yenyewe ya mapendekezo. Mabadiliko ya katiba inayoongoza tuzo hii lazima yapite kwenye vikao vya miaka miwili mfululizo, kwa hiyo hesabu mpya ilianza kutumika mwaka 2017.

Inakwenda hivi. Katika kila kipengele unaweza kupendekeza hadi kazi tano, lakini una pointi moja tu. Ukipendekeza tano, kila moja inapata 0.2. Msimamizi anachukua kazi mbili zenye pointi chache kuliko zote, kisha anaziweka ubavu kwa ubavu na kuuliza swali tofauti: ipi imependekezwa na watu wachache zaidi? Hiyo inatolewa. Kama ilikuwa kwenye karatasi yako, pointi yako inagawanywa upya kwa nne zilizobaki, 0.25 kila moja. Wanarudia hivyo mpaka zibaki sita, ambazo ndizo za fainali.

Fikiria sasa wale watu 100 wa WhatsApp wenye orodha moja ya kazi tano. Kila kazi yao ina pointi 20 tu na chache za wasomaji wengine, na kwa kuwa pointi zao zinakaribiana, hujikuta zote pamoja chini ya orodha, zinashindanishwa zenyewe kwa zenyewe na kutoana moja baada ya nyingine. Hadithi iliyopendwa na wasomaji 60 wasiojuana, ambao wengine wao waliandika hiyo peke yake, inaweza kuzipita nne kati ya hizo. Kundi lenu litaambulia nafasi moja pengine, pamoja na sifa mbaya itakayoliandama jina la mwandishi mliyetaka kumsaidia. Hesabu hii inamlipa msomaji mkweli, anayeandika alichokisoma na kuacha nafasi nyingine wazi.

Je, imelimaliza tatizo? Nina mashaka. Baada ya 2017 orodha za makundi zilififia, ila wapiga kura nao walikuwa wamechoka na wamejaa hasira, kwa hiyo siwezi kuipa hesabu peke yake sifa zote. Na hakuna hesabu inayoweza kukukinga na msimamizi. Baada ya mkutano wa Chengdu, China, wa 2023, takwimu zilipotolewa Januari 2024 zilionyesha kazi zilizokuwa na mapendekezo ya kutosha zimeandikwa tu "haistahili", bila sababu, ikiwamo riwaya ya R. F. Kuang, *Babel*. Mwezi uliofuata zikavuja barua pepe zilizoonyesha wasimamizi wakichunguza waandishi kwa misingi ya siasa. Iliniuma, kwa sababu mfumo huu wote umejengwa juu ya imani. Glasgow, mwaka 2024, walipobaini kura 377 zilizotia shaka kati ya kura 3,813 za fainali, walizifuta na kutangaza hadharani kabla ya matokeo. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini ilitegemea tena uadilifu wa watu wachache mbele ya kompyuta, na mimi bado sijaona kanuni inayouondoa utegemezi huo.

Imani nyingine potofu, dada ya ile ya majaji: "Lazima iwe Kiingereza." Katiba haisemi hivyo popote. Kazi inastahili katika mwaka ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa lugha yoyote, kisha inastahili tena katika mwaka inapotoka kwa Kiingereza mara ya kwanza. Riwaya ya Liu Cixin, *The Three-Body Problem*, ilianza kutoka jaridani China mwaka 2006, tafsiri ya Ken Liu ikatoka 2014, nayo ikashinda 2015.

Kwa hiyo chungeni saa. Ukiiweka hadithi yako bure mtandaoni mwezi Desemba, umeichapisha, na mwaka wake unakwisha wiki chache baadaye kabla mtu hajaisoma. Ukiitoa kwa sehemu gazetini, kinachohesabiwa ni mwaka wa sehemu ya mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo sijamsikia mtu akilijadili. Vipengele vya hadithi hupangwa kwa idadi ya maneno: chini ya 7,500 ni hadithi fupi, riwaya inaanzia 40,000, na katikati kuna madaraja mawili yanayokutana kwenye 17,500. Kitabu changu kinachotoka mwaka huu kina maneno 36,000 ya Kiswahili, lakini rasimu ya tafsiri ya Kiingereza imeshapita 50,000, kwa sababu Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Kitabu kilekile basi mwaka huu si riwaya, na kikitafsiriwa kinakuwa riwaya. Msimamizi ana ruhusa ya kukihamisha kama hakijavuka mpaka wa daraja kwa zaidi ya asilimia 20, na tafsiri yangu imevuka hapo.

Mlango wa kanuni uko wazi, lakini siamini kwamba kazi ya Kiswahili itafika fainali hivi karibuni bila tafsiri. Wapiga kura wanaosoma Kiswahili ni wachache mno, na tafsiri nzuri ni gharama ambayo wachapishaji wetu hawaikubali kirahisi. Kizuizi chetu kiko hapo.

Mwaka huu Worldcon iko Anaheim, California, tarehe 27 hadi 31 Agosti, na huko ndiko watakapopigia kura mji wa mwaka 2028. Haijawahi kufanyika Afrika. Mimi sitasafiri, kwani nauli na mlolongo wa viza ni zaidi ya uwezo wangu msimu huu, na fedha nilizo nazo zinakwenda kwa mfasiri. Lakini uanachama wa kupiga kura hauhitaji viza.

Kwa mwaka ujao, mkutano utakuwa Montréal. Anayetaka kupendekeza ajiunge kabla Januari haijaisha, na kuanzia leo aandike mahali kila hadithi ya mwaka huu aliyoisoma na kuipenda, jina lake, mwandishi, na ilipochapishwa. Ikifika Machi huwa tumeshasahau nusu.