Alfonso XII wa Retiro, huyu mfalme watu wanamsingizia mengi

Picha za Madrid mmeziona, lile sanamu kubwa la mtu juu ya farasi, nyuma nguzo za mawe zimepangwa nusu duara, mbele ziwa limejaa vijana wanapiga makasia. Huyo ni Alfonso XII, aliyekuwa mfalme wa Hispania, na mengi yanayosemwa juu yake siyo.

Eti ndo alijenga ile paki ya Retiro, bustani kubwa ya mapumziko lilipo sanamu, na ziwa lake. Hapana jamani, ziwa lilichimbwa miaka ya 1630 enzi za mfalme Felipe IV, wakawa wanaigizia humo vita vya majini kuburudisha wakubwa. Paki ikapewa jiji 1868, mwaka uleule mama yake, malkia Isabel II, alipopinduliwa, Alfonso akakimbilia uhamishoni akiwa na miaka 10 tu, sasa hapo angejenga nini?

Wengine wakiona farasi wanadhani alifia vitani. Ukweli unauma zaidi: kifua kikuu ndo kilimuua, tarehe 25 Novemba 1885, zimebaki siku tatu afikishe miaka 28! Mke wake wa kwanza, Mercedes, alishafariki 1878 miezi michache tu baada ya ndoa, na huyu wa pili akaachwa na mimba, mtoto akazaliwa Mei 1886 tayari ni mfalme. Ndo huyo Alfonso XIII aliyewapa klabu ya Real Madrid hiyo "Real" (yaani ya kifalme) mwaka 1920, msiwachanganye, aliye juu ya farasi ni baba.

Halafu kuna wanaomuona mpenda vita, wakati Wahispania walimwita Mleta Amani, maana vita vya wafuasi wa Carlos, aliyekuwa anadai kiti cha ufalme, viliisha 1876 na vya Cuba 1878. Ila kwa Cuba mi naona sifa imezidi, nchi ilibaki koloni na 1895 watu wakashika silaha tena.

Na huo mnara wenye sanamu hakujijengea mwenyewe. Shindano la ramani lilifanyika 1902, akashinda José Grases Riera, hela zikachangwa na wananchi, farasi akachongwa na Mariano Benlliure, wachongaji wengine zaidi ya 20 wakamalizia yaliyobaki, uzinduzi ukaja 1922 na Grases Riera hakuuona, alishafariki 1919.

Kaburi pia haliko pale, amezikwa El Escorial, nje ya Madrid, pamoja na wafalme wenzake.