Helmeti ya baisikeli inakinga nini hasa?

Tukienda Busia au Tororo kufundisha vijana wa boda za baisikeli, swali ni lile lile: "Daktari, lori likinigonga, hiyo kofia itanifaa nini?" Ni swali la haki. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiko boda boda ilikozaliwa, na wanaouliza wanaijua barabara ile kuliko mimi.

Tuanze na kilicho ndani ya helmeti. Ganda la nje ni jembamba tu. Kazi hufanywa na povu gumu lililo chini yake. Kichwa kikipiga lami, povu hubonyea na kupondeka, na kwa kupondeka huko kishindo kinachofika kwenye ubongo hupungua. Kipimo cha Ulaya, EN 1078, huijaribu helmeti kwa kuiangusha kwenye chuma ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwanguko wa mtu na baisikeli yake, si kishindo cha lori linalotoka Mombasa. Ila hata gari likikupitia kwa ubavu tu, kichwa chaweza kupasuliwa na lami unayoangukia, na hapo povu lina kazi.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walijumlisha tafiti 40 zenye waendesha baisikeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia kichwa kwa asilimia 51, na wa kuumia vibaya kichwani kwa asilimia 69. Uwezekano wa kuumia uso nao ulikuwa mdogo kwa asilimia 33. Shingoni haikuonekana tofauti.

Hizo hesabu zisomwe polepole. Wote hao walikuwa wameshaumia. Hakuna anayesema helmeti inazuia ajali. Wapo pia wanaodai kwamba mvaaji ni mtu mwangalifu tangu mwanzo, kwa hiyo sifa si ya kofia peke yake. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana siapi kwa ile 69. Lakini povu halijui tabia ya aliyelivaa. Hupondeka vile vile.

Nitatajiwa Uholanzi, ambako wengi huendesha kichwa wazi na wako salama kuliko sisi. Kweli, ila wana njia zao za baisikeli. Sisi tunagombania ukingo wa barabara na taksi, tena na mkungu wa matooke nyuma.

Kinachonikera ni kofia ya mjengo. Imetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, si kwa kichwa kinachopiga chini kwa ubavu, na bila mkanda wa kidevuni hutangulia kuruka kabla hujatua. Helmeti ya mitumba nayo, kama za soko la Owino kule Kampala, ichunguze ndani: povu lenye ufa au lililobonyea limeshafanya kazi yake, liache. Nzuri ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uwe umebana kiasi cha kidole kimoja au viwili kupita chini ya kidevu. Haina haja ya kusukumwa kisogoni eti kwa sababu ya joto.

Na ukianguka nayo, kisha ukaanza kutapika, kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa au kuumwa kichwa kinachozidi, nenda hospitali mara moja, hata kama helmeti haina mkwaruzo.