Chonga kwenye minazi ya bustani: kuti lenye mkato wa V ni habari ya zamani

Mnazi mchanga ukifungua kuti lenye mkato wa herufi V, kana kwamba limepitiwa na mkasi, wengi hapa Dar es Salaam hukimbilia kulinyunyizia dawa. Ni dawa ya kumwaga bure. Chonga, mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi, alilitoboa kuti hilo likiwa bado limekunjwa kileleni. Lilipofunguka, tundu moja likawa mikato pande zote mbili, na yeye keshaondoka zamani.

Tafuta tundu lenye upana wa kidole gumba kwenye shina la kuti changa, karibu na kilifu (wavu wa nyuzi unaozunguka chini ya kuti), lenye nyuzi zilizotafunwa na kusukumwa nje. Nyuzi zikiwa na unyevu na rangi nyeupe-nyeupe, yumo. Zikiwa kavu na za kahawia, usihangaike na tundu hilo.

Akiwemo, chukua waya mgumu wa sentimita 40 hivi, kunja ncha iwe ndoano, uingize taratibu ukifuata njia yake. Waya ukikwaruza kitu kigumu, zungusha, umvute: mdudu mweusi wa sentimita 4 au zaidi, mwenye pembe kichwani. Usilazimishe waya kuelekea katikati, maana mnazi una moyo mmoja tu. Ukiharibika, mti umekufa. Ndiyo sababu nakataa kabisa oili chafu kumiminwa humo.

Baada ya hapo, changanya kipimo 1 cha unga wa mashudu ya mwarobaini na vipimo 2 vya mchanga mkavu, ujaze makwapa ya makuti 3 ya juu. Mvua za masika huuosha, kwa hiyo rudia zikikatika.

Lakini ukiishia juu ya mti, atakuja mwingine usiku. Mabuu ya chonga hayali mnazi ulio hai. Hukulia miezi kadhaa ndani ya magogo ya minazi yaliyooza, visiki, samadi na mboji. Mnazi uliokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea ukaachwa umesimama nyuma ya ukuta ndio kiota chenyewe, hata kama ni wa jirani. Nenda mzungumze naye. Uangushwe, upasuliwe, ukauke juani. Samadi igeuzwe kila mwezi: buu ni jeupe, nene, limejikunja, kichwa cha kahawia. Kuku wakiwa karibu, hutalazimika kuyaokota.