Kijiji cha India ni ardhi kwanza, watu baadaye

Mara ya tatu mwezi huu namsoma mtu akilalamika kuwa sensa ya India imekosea, eti kijiji kizima kina watu sifuri. Haijakosea.

Kwenye sensa hiyo, kijiji ni eneo la ardhi lililopimwa, lenye mipaka, jina na namba yake katika daftari la kodi ya ardhi. Idadi ya watu haimo katika maana hiyo. Mwaka 2011 vilihesabiwa vijiji zaidi ya 640,000, na zaidi ya 40,000 kati yake havikuwa na mkazi hata mmoja. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kwa upande wake, kijiji chenye watu zaidi ya 10,000 ni jambo la kawaida.

Utata wote umelala kwenye neno. Kijiji chetu kimetokana na mji: ki-ji-ji, mji mdogo, yaani nyumba na watu wake. Mtanzania huongezea hapo na serikali ya kijiji. Kule kaskazini mwa India daftari husema mauza, neno lililotoka Kiarabu, mawdhi', mahali tu, mzizi uleule uliotupa maudhui. Makarani wa kodi enzi za Mughal, dola iliyotawala India kabla ya Waingereza, waliandika kwa Kiajemi, na haja yao ilikuwa kujua shamba lipi linatozwa. Mauza isiyo na wakazi huitwa bechirag, yaani “bila taa”. Neno zuri mno hilo. Usiku hapo huoni hata kibatari, lakini mchana ngano imesimama, imelimwa na watu wanaolala kijiji cha jirani. Kwenye jedwali la sensa utakuta jina, namba ya tarakimu 6, ukubwa kwa hekta, kisha kaya 0, watu 0.

Kinyume chake ni dhani ya jimbo la Rajasthan: nyumba chache mchangani, mara nyingi za ukoo mmoja, moshi unafuka, mbuzi wanalia, na jina linajulikana. Hiyo kwa sensa si kijiji; watu wake huhesabiwa ndani ya kijiji ilimo. Gram panchayat nayo si kijiji, ni baraza la vijijini la kuchaguliwa, na moja laweza kubeba vijiji kadhaa.

Kwa hiyo ukikuta “watu 0”, sema kijiji hakina wakazi. Usiseme hakipo.